Nafuu ni ya Kweli, Lakini Nafuu Si Kupona

Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kwa siku. Akigonga goti hulia hadi jirani anachungulia uani. Mama humwinua, humpangusa vumbi, hupuliza pale palipoumia, kisha humwambia, "Pole mwanangu, imekwisha." Mara nyingi kilio hukoma hata kabla machozi hayajakauka. Mama hakupaka dawa yoyote. Je, mtoto alikuwa anajifanya?

Kila aliyelea anajua kwamba hakuwa anajifanya. Goti liliuma kweli, na nafuu aliyoipata ni ya kweli vilevile. Wanasayansi walisumbuliwa na jambo hilo kwa miaka mingi: inawezekanaje maumivu ya kweli yatulizwe na kitu kisicho dawa? Jibu lilianza kupatikana miaka ya 1970, nalo linatuhusu sana sisi tunaolea watoto, tunaouguza wazee, na tunaobeba maumivu yetu wenyewe kimyakimya huku kazi za nyumbani zikiendelea.

Mimi ni muuguzi, tena hujitolea kuwatembelea wagonjwa wa kanisa letu hapa Misunkumilo, Mpanda. Katika nyumba nyingi hukutana na makosa mawili yaliyo kama mapacha. La kwanza ni kumwambia mtu aliyepata nafuu bila dawa, "Basi hukuwa unaumwa, ulikuwa unadeka." La pili ni mgonjwa mwenyewe kusema, "Maumivu yametulia, basi nimepona," akaacha dawa zake. Kosa la kwanza humjeruhi mtu moyo. La pili laweza kumwua. Yote mawili hutokana na kutojua jinsi ubongo unavyoshughulikia maumivu. Kwa hiyo na tujifunze pamoja.

Maumivu yana njia yake

Ukijikata kidole wakati wa kukata mboga, kidole hakijui maumivu. Kidole hutuma habari tu. Habari hiyo hupita katika mishipa ya fahamu, huingia katika uti wa mgongo, hupanda hadi kwenye ubongo, na huko ndiko maumivu yanakohisiwa. Lakini ubongo haukai tu kupokea habari kama sanduku la barua. Nao hutuma amri zake kwenda chini kwenye uti wa mgongo, kama mwenye nyumba anavyomwambia mlinzi wa getini, "Huyu mruhusu, huyu mzuie." Amri hizo zaweza kufungua mlango maumivu yakazidi, au kuufunga maumivu yakapungua.

Ndiyo sababu mama anayemkimbilia mtoto aliyeangukia karibu na moto hukanyaga msumari asijue. Huona damu baadaye, mtoto akiwa salama mikononi mwake, na hapo ndipo mguu unapoanza kuuma. Daktari Mmarekani aitwaye Henry Beecher aliona jambo la namna hiyo huko Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari wengi waliokuwa na majeraha makubwa, alipowauliza, walisema hawakuhitaji dawa ya kutuliza maumivu. Beecher alieleza kwamba kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka: ametoka vitani, yu hai, sasa atarudi nyumbani. Jeraha kama hilo kwa mtu wa mitaani lina maana nyingine, nalo huuma kwa namna nyingine.

Dawa iliyomo ndani ya mwili

Tangu zamani watu wamejua kwamba utomvu wa mmea uitwao mpopi, yaani afyuni, hutuliza maumivu makali. Kutokana na afyuni hiyo hupatikana mofini, dawa ambayo hadi leo hospitali hutumia kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na wenye saratani.

Swali lilikuwa hili: kwa nini utomvu wa mmea wa shambani ufanye kazi katika ubongo wa binadamu? Mwaka 1973, huko Baltimore, Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba chembe za ubongo zina mahali maalumu panapopokea mofini, kama vile kufuli linavyopokea ufunguo wake. Habari hiyo ilileta swali lingine. Mwili wa binadamu hauwezi kuwa umewekewa kufuli kwa ajili ya mmea wa nchi ya mbali. Lazima uwe na ufunguo wake wenyewe.

Mwaka 1975 ufunguo huo ulipatikana. John Hughes na Hans Kosterlitz, waliofanya kazi Aberdeen, Scotland, walieleza vitu viwili vinavyotengenezwa na ubongo wenyewe na vinavyofanya kazi kama mofini. Waliviita enkefalini. Baadaye vilipatikana na vingine vya jamii hiyo, vikaitwa endorfini, jina lenye maana ya mofini itokayo ndani ya mwili. Sisi akina mama tuna haki ya kulijua jina hilo, kwa kuwa endorfini huongezeka katika mwili wa mwanamke wakati wa uchungu wa kuzaa. Haziondoi uchungu, kila aliyezaa anajua! Lakini humsaidia mwanamke kuubeba.

Kidonge kitupu na magego ya San Francisko

Waganga wamejua kwa muda mrefu kwamba mgonjwa akipewa kidonge cha unga au sukari tu, huku akiamini kwamba ni dawa, mara nyingine maumivu yake hupungua. Kidonge cha namna hiyo huitwa plasebo, neno la Kilatini lenye maana ya "nitapendeza". Wengi walifikiri kwamba mgonjwa anasema tu amepata nafuu ili kumpendeza daktari.

Mwaka 1978 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, yaani Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, waliamua kulipima jambo hilo. Walichukua watu waliong'olewa magego ya mwisho, yale yanayoota ukubwani. Aliyewahi kung'olewa gego la namna hiyo anajua jinsi taya linavyopwita ganzi ikiisha. Wagonjwa hao walipewa plasebo, na baadhi yao walipata nafuu. Kisha watafiti wakatumia dawa iitwayo naloksoni. Naloksoni kazi yake ni kuziba lile kufuli la mofini, na ndiyo inayotumika kumwokoa mtu aliyezidisha mofini au heroini.

Fikiri vizuri hapo, msomaji mpenzi. Kama nafuu ya wale wagonjwa ilikuwa maneno ya mdomoni tu, naloksoni isingebadilisha lolote. Lakini wale waliokuwa wametulizwa na plasebo, walipopewa naloksoni maumivu yao yaliongezeka. Wale ambao plasebo haikuwasaidia hawakuona tofauti. Maana yake ni kwamba katika miili ya wale waliopata nafuu kulikuwa na kitu kinachofanya kazi kupitia kufuli la mofini. Hawakuwa wamepewa mofini. Ubongo wao wenyewe ndio ulioitoa.

Tangu hapo majaribio mengine yamethibitisha. Mwaka 2005 Jon-Kar Zubieta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia picha maalumu za ubongo, wakaona vijana wenye afya waliopewa plasebo wakati wa maumivu wakitoa endorfini katika sehemu kadhaa za ubongo. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walionyesha kwamba mtu akiamini amepakwa dawa, hata habari ya maumivu inayopita kwenye uti wa mgongo hupungua. Yule mlinzi wa getini amekwisha kupewa amri.

Ni kweli kwamba endorfini si njia pekee. Ubongo una njia nyingine za kutuliza, na si kila mtu hupata nafuu kwa plasebo. Lakini jambo kuu limesimama: tumaini la kupata nafuu huamsha dawa iliyomo mwilini. Kwa hiyo tusimwite mtu mwongo kwa sababu maumivu yake yametulizwa na kitu kisicho dawa.

Kwa nini tunapenda sindano

Hapa kwetu mgonjwa akienda zahanati akapewa vidonge peke yake, mara nyingi hurudi nyumbani akinung'unika, "Hata sindano hawakunichoma!" Na aliyetundikiwa dripu husimulia wiki nzima. Watu wamezoea kuona kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, na mazoea hayo yenyewe huongeza tumaini.

Huko Turin, Italia, Fabrizio Benedetti na wenzake walipima jambo hili kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Wengine walipewa dawa ya maumivu na daktari aliyesimama kando ya kitanda akawaambia, "Sasa nakupa dawa, maumivu yatapungua." Wengine walipewa dawa ileile na mashine, bila kuambiwa ni saa ngapi. Dawa ilikuwa moja, mshipa ulikuwa uleule. Lakini waliopewa kwa siri walihitaji dawa nyingi zaidi ili wapate nafuu sawa na wenzao. Sehemu ya nguvu ya dawa ilikuwa katika kuonwa na kuelezwa.

Mwaka 2006 Benedetti aliongeza jambo moja linalotuhusu sisi tunaotunza wazazi na wakwe. Wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao sehemu ya mbele ya ubongo imedhoofika, hawapati ile nafuu inayotokana na kutumaini. Dawa ya maumivu huwafanyia kazi kwa nguvu zake yenyewe tu. Mama mkwe wa hali hiyo akilalamika kwamba kidonge kilichomsaidia zamani hakimtoshi sasa, usimwone msumbufu. Mweleze mhudumu wa afya ili apime upya kiasi cha dawa, wala usimwongezee wewe mwenyewe.

Kikombe cha Samunge

Sasa nataka tuzungumze kwa upole juu ya jambo ambalo Watanzania wengi tunalikumbuka. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Dawa ilichemshwa kutokana na mti uitwao mugariga, na kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Watu walikuja kwa maelfu, kutoka kila upande wa nchi na nje ya nchi, maskini pamoja na viongozi wakubwa. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Baadhi ya wagonjwa walifariki njiani au wakiwa foleni. Mwishoni mwa Machi 2011 safari mpya zilisimamishwa kwa muda ili foleni ipungue. Mchungaji Masapila alifariki Julai 2021.

Wengi waliokunywa walisema miguu ilikuwa myepesi, mgongo umenyooka, usingizi umerudi. Je, walidanganya? Mwanamke mmoja mzee aliwahi kuniuliza baada ya ibada, "Mwanangu, magoti yangu yalinyamaza miezi miwili. Nilikuwa mjinga?" Nilimjibu, "Hapana, bibi. Magoti yako yaliuma kweli na yalitulia kweli."

Hebu tazama mambo yaliyokuwamo katika safari ile. Mtu alijinyima, akauza mbuzi au kuazima nauli. Alisafiri siku nyingi pamoja na mamia wenye tumaini lilelile. Foleni ilimpa muda wa kusikia shuhuda za waliotangulia. Mwisho alipokea kikombe kutoka mkono wa mtu aliyemheshimu, mtumishi wa Mungu mwenye mvi, na kipimo kilikuwa kimoja tu. Hayo yote, yaani tumaini, heshima, ushuhuda, gharama na mkono unaotoa, ni mambo yanayoweza kuongeza nafuu ya namna hiyo. Kusema hivyo si kudharau imani ya mtu, wala si kumwekea Mungu mipaka. Ni kueleza sehemu moja ya jinsi mwili wetu ulivyoumbwa.

Shida ya Samunge haikuwa magoti yaliyotulia. Shida ilikuwa kwamba wenye VVU, kisukari na presha nao walijisikia vizuri, na baadhi yao wakaacha dawa.

Endorfini hufika wapi, na haifiki wapi

Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2011 linafundisha somo hili kuliko mahubiri marefu. Lilifanywa Boston, Marekani, kwa wagonjwa wa pumu. Siku moja mgonjwa alivuta dawa halisi ya pumu, ileile salbutamoli tunayoitumia hapa kwetu. Siku nyingine alivuta bomba lisilo na dawa. Siku nyingine alichomwa sindano za kuigiza, na siku nyingine hakupewa chochote.

Wagonjwa walipoulizwa wanajisikiaje, walisema dawa halisi imewapa nafuu ya asilimia 50, bomba tupu asilimia 45, sindano za kuigiza asilimia 46. Tofauti ni ndogo sana. Bila kupewa chochote ilikuwa asilimia 21 tu. Lakini watafiti walipopima kwa mashine hewa inayotoka kifuani, dawa halisi ilikuwa imeiongeza kwa asilimia 20, na yale mengine matatu kwa asilimia 7 hivi kila moja. Mgonjwa alijisikia vizuri, lakini kifua chake kilikuwa bado kimebana.

Mama, lishike neno hilo. Tumaini hufika mahali tunapohisi: maumivu, wasiwasi, uchovu, kichefuchefu. Halifiki kwenye njia za hewa zilizoziba, wala kwenye sukari iliyopanda katika damu. Haliui vimelea vya malaria, haliui wadudu wa kifua kikuu, halifubazi virusi. Presha haina maumivu mara nyingi, kwa hiyo hata ukijisikia mwenye nguvu kama kijana, mashine ndiyo itakayokuambia ukweli. Mwenye VVU anayeacha dawa hujisikia vizuri kwa muda, huku virusi vikizaliana kimyakimya. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, kuona maluweluwe, au kuvimba uso na mikono, asitulizwe kwa maneno wala kwa maji ya baraka peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Mtoto mwenye homa akinyamaza kulia, usidhani kila mara kwamba amepona. Wakati mwingine hunyamaza kwa sababu amezidiwa.

Nimekaa na familia zilizompoteza mama aliyeacha dawa akiwa na furaha moyoni. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemweleza tofauti kati ya nafuu na kupona.

Maneno yanayoongeza maumivu

Yule mlinzi wa getini anapokea amri za aina mbili. Kama tumaini hupunguza maumivu, hofu huyaongeza. Wataalamu huliita jambo hilo nosebo, maana yake "nitadhuru".

Mwaka 2010 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Boston kwa wanawake waliokuwa karibu kujifungua, ambao walihitaji sindano ya ganzi mgongoni. Nusu waliambiwa kwamba watahisi kama wameumwa na nyuki mkubwa, na kwamba hapo ndipo pabaya kuliko pote. Nusu waliambiwa kwamba watawekewa ganzi ili wawe na raha wakati wa kazi inayofuata. Sindano ilikuwa ileile. Walioambiwa habari ya nyuki walisema iliuma zaidi.

Je, sisi tunasemaje? Mtoto akikataa uji tunamwambia, "Nitamwita nesi akuchome sindano!" Siku ya chanjo ikifika, mtoto anaanza kulia tangu getini, na sindano humuuma mara mbili. Msichana akivunja ungo tunampa hadithi za kutisha. Mwanamwali akipata mimba ya kwanza, majirani hukusanyika kila mmoja na simulizi yake ya kuchanika na kutoka damu. Kisha tunashangaa anapoingia chumba cha kuzalia akitetemeka. Ulimi hauna mfupa, lakini huumiza mfupa.

Kumdanganya mtoto pia si dawa. Ukimwambia "haiumi" kisha ikauma, kesho hatakuamini, na bila kuaminiwa huna tumaini la kumpa. Mwambie ukweli kwa upole: "Utahisi kama umefinywa kidogo, nami nitakushika mkono, halafu imekwisha."

Hakuna haja ya udanganyifu

Baadhi ya akina mama huniuliza kama ni halali basi kumpa mtu kidonge kitupu na kumwambia ni dawa. Kwangu mimi jibu ni hapana, na sayansi yenyewe imetutoa katika jaribu hilo. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwapa wagonjwa wenye tumbo la kusokota vidonge vitupu, wakawaambia wazi kwamba havina dawa ndani, na wakawaeleza kwamba mwili unaweza kujisaidia wenyewe. Asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, wakati kwa wale ambao hawakupewa vidonge ilikuwa asilimia 35. Mwaka 2016 jambo kama hilo lilionekana huko Lisbon, Ureno, kwa watu wenye maumivu ya mgongo. Kumbe kinachosaidia si uongo. Ni kuhudumiwa, kusikilizwa, kuelezwa na kuwa na utaratibu.

Hayo tunaweza kuyafanya majumbani mwetu bila senti moja:

1. Unapompa mgonjwa dawa yake halisi, usiitupe tu mezani. Kaa, mpe kwa mkono wako pamoja na maji, mwambie inafanya kazi gani na aanze kutazamia nafuu baada ya muda gani. Umempa dawa mbili kwa pamoja.

2. Amini maumivu ya mwenzako. Msichana mwenye maumivu ya hedhi hajidekezi. Mpe nafasi ya kulala, kitambaa chenye joto, na dawa ya maumivu kama mhudumu wa afya anavyoelekeza. Yakimzuia shule kila mwezi, apelekwe akapimwe.

3. Mwanamke anayekwenda kujifungua apate mtu anayemwamini wa kukaa naye, kama kituo kinaruhusu. Shirika la Afya Duniani limependekeza hivyo mwaka 2018, maana wanaosindikizwa kwa faraja mfululizo huhitaji dawa kidogo za maumivu na wengi zaidi huzaa kwa njia ya kawaida. Waume nao wajifunze: mkono mgongoni na neno la upole vina kazi.

4. Tunapotembelea wagonjwa, tusiketi kitako tukasimulie waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Tuombe, tuwatie moyo, na kabla ya kuaga tuulize, "Dawa zako zimebaki za siku ngapi? Kliniki ni lini?"

5. Mtu akisema amepona kwa maombi au kwa kikombe, tumfurahie, kisha tumsindikize akapime. Kipimo hakimwaibishi Mungu. Kama amepona, kipimo kitashuhudia. Kama bado, tutakuwa tumeokoa maisha.

Maumivu makubwa yahitaji dawa kubwa

Kuna jambo la mwisho ambalo siwezi kuliacha. Kwa kuwa ubongo una dawa yake, wengine humwambia mwenye saratani, "Vumilia, jipe moyo, imani yako ni ndogo." Huo ni ukatili uliovaa nguo ya dini. Endorfini za mwili ni kama akiba ya unga katika debe: zinasaidia siku mbili tatu, lakini hazitoshi njaa ya mwaka. Maumivu ya saratani iliyokomaa yanahitaji mofini, na mofini hiyo huingia katika kufuli lilelile ambalo ubongo huliwekea ufunguo wake.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, mjini Kampala, wakawa wanawatuliza wagonjwa kwa mofini ya maji ya kunywa, ambayo gharama yake ni ndogo na mgonjwa huweza kuitumia akiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo mwenye saratani katika familia yako asiambiwe kwamba hakuna la kufanya. Uliza katika hospitali ya mkoa au ya rufaa juu ya huduma ya kutuliza maumivu. Kuitumia dawa hiyo kwa maelekezo ya daktari si dhambi wala si ulevi. Mgonjwa anayelala usiku kucha bila kuugulia anaweza kuagana na watoto wake vizuri, kula kidogo, na kuomba kwa akili timamu.

Basi, mama mwenzangu, tugawe mambo mahali pake. Neno la upole, mkono wa joto na maombi hatutayaacha, kwa kuwa tumejua sasa kwamba yanagusa hata mwili. Vidonge vya kliniki navyo hatutaviacha, kwa kuwa vinafika mahali ambapo maneno hayafiki. Anayetoa kimoja na kukizuia kingine amempa mgonjwa nusu ya haki yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Je, ni maneno gani tunayowaambia watoto wetu juu ya sindano na hospitali? Tuyabadili vipi?

2. Ni nani katika jumuiya yetu anatumia dawa za kila siku? Tunawezaje kumsaidia asiziache anapojisikia vizuri?

3. Umewahi kumwambia mtu kwamba anajidekeza alipokuwa na maumivu? Baada ya kusoma haya, ungemwambia nini?